Ndoo ya Maji Juu ya Mawese

Mtaa mzima ulimshukuru Assumani, na kila shukrani ilimchoma Mwavita upya.

Mwavita ni dada mkubwa wa Assumani. Alifanya kazi miaka tisa katika jiko la hoteli moja ya ufukweni, kisha akaacha na kuanza kukaanga ndagala, dagaa wa ziwani, kwake hapo Rumonge, akiwauzia wapita njia. Mafuta anayajua. Anajua pia kwamba Alhamisi ile alikosea: aliteleka karai la mawese kwenye mbabula, jiko lake la makaa, ili wekundu wake upotee, akatoka uani kupokea kapu la ndagala lililoletwa kutoka Gitaza. Akabishana na mletaji juu ya mchanga uliokuwa ndani. Aliporudi, karai lilikuwa linafuka moshi mzito, na kabla hajalifikia, mafuta yakawaka.

Hakupiga kelele. Riziki, mke wa Assumani, alikuwa ameketi karibu na mlango akichambua mchele.

"Riziki, toka nje. Usikimbie, toka tu."

Akachukua kifuniko kipana cha bati. Alikuwa amebakiza hatua mbili kulifikia karai, Assumani alipoingia mbio na ndoo iliyojaa.

"Hapana maji!" Mwavita akapaza sauti. "Assumani, hapana maji! Hapana maji!"

"Yaya, pisha! Nyumba inaungua!"

Akamsukuma dada yake kwa bega, akamwaga maji.

Moto ulinguruma, ukapanda hadi kwenye mabati, mafuta yakaruka kila upande. Mwavita aliangukia ukutani na kifuniko chake. Assumani aliungua nyusi. Riziki, ambaye alikuwa hajamaliza kuvuka mlango, alimwagikiwa mafuta mkono wa kulia kuanzia kiwiko hadi vidole. Ukelele alioutoa, Mwavita anausikia mpaka leo.

Mafuta mengi yalikuwa yamemwagika kwenye sakafu ya udongo, yakawaka kidogo na kufa. Mwavita alilifunika karai lenye mafuta yaliyobaki, akamkimbilia wifi yake. Huko nje Chanceline, jirani, alikwishafungua dawa ya meno, na mwingine ameshika yai.

"Ondoa hiyo! Munataka kumupika?" Mwavita akampiga Chanceline mkono, dawa ikaanguka. Akamvua Riziki bangili kabla mkono haujavimba, akachukua bidoni ya maji ya kawaida, akamwagia polepole, bila kuacha, bidoni ya kwanza, ya pili, ya tatu. Chanceline, ambaye alikuwa amekasirika, ndiye aliyekwenda kujaza ya nne. Kisha wakaufunika mkono kwa kitambaa safi, wakampandisha pikipiki kwenda kwa waganga wa hospitali.

Jumapili ndugu walikusanyika kwa Assumani kumpa Riziki pole. Mjomba Hamidu, mkubwa wa ukoo, aliomba dua ndefu, akamalizia hivi: "Na tumushukuru Assumani. Bila yeye, nyumba ya dada yake ingekwisha. Wanawake, muwe waangalifu na mbabula."

Watu wakaitikia amina. Assumani akainamisha kichwa kwa unyenyekevu, kama mtu anayevishwa kanzu ya heshima.

Mwavita akasimama.

"Mjomba, unisamehe, lakini hiyo amina sitaiitikia. Kosa langu iko, nililiacha karai, nalikubali mbele yenu. Lakini ule mkono, niliuunguza mimi?"

"Yaya, nilikuja kukusaidia," Assumani akasema.

"Nilikukataza mara ngapi?"

"Mu ule moto, nani angesikia?"

"Mimi nilisikia." Riziki alikuwa amelala kwenye mkeka, hakuna aliyetazamia aseme. "Mara tatu. Na wewe ulisikia, Assumani. Uliona ni neno la mwanamke tu."

Hasira ya Mwavita haikupoa, ilizidi, kwa sababu sasa haikuwa yake peke yake. Akatoka uani, akaweka kikaango kidogo mbali na ukuta, akatia mafuta ya kujaza kijiko, akayatia moto kwa kipande cha karatasi. Akamwita mdogo wake, akampa kifuniko.

"Funika. Kutokea pembeni, hivi, kama unasukuma mlango. Halafu uache. Usichungulie, usikibebe."

Akafunika. Wote wakangoja, hata Mjomba Hamidu na fimbo yake, mpaka kikaango kilipoa. Mwavita alipofunua, hapakuwa na mwali hata mmoja.

"Basi?" akauliza Mjomba.

"Basi," alisema Mwavita. "Hicho tu. Siku ile ningekuwa nimemaliza kabla mtu hajavaa viatu vyake."

Aliondoka bila kula.

Mkono wa Riziki ulipona baada ya miezi miwili, ila vidole viwili havikunjiki vizuri. Chanceline ndiye aliyeleta habari kwamba Assumani amewaambia wenzake wa mitumbwini, mchana kweupe, kwamba ni yeye aliyemuunguza mke wake, na mafuta hayazimwi kwa maji.

"Vizuri," Mwavita akajibu, akaendelea kugeuza ndagala.

Assumani akipita anamsalimu, naye anaitikia. Lakini Mwavita bado hajamkaribisha kula.