Patina ya Anko Wafula

Nakiri kwamba digrii yangu ya historia haikunizuia kuharibu sarafu ya Kirumi kwa waya ya kusugulia sufuria.

Babu alirudi nayo kutoka vitani Misri. Anko Wafula alitaka kuiuza ili anunue mashine ya kuchomelea vyuma na kuachana na vibarua vya viwandani kule Baba Dogo. Mnunuzi alimwonya kwa simu, "Msiiguse patina." Anko akaniuliza hiyo ni nini. Nikasoma kwamba ni utando wa kijani unaojijenga juu ya shaba kwa karne nyingi, na kwamba wakusanyaji wa sarafu huuthamini sana.

Sikuamini. Kwetu mtaa wa Jericho, sufuria isiyong'aa ni aibu ya nyumba nzima. Nikashuku mnunuzi anataka ibaki chafu ainunue rahisi, kisha aisugue mwenyewe auze ghali. Jumamosi asubuhi nikaitoa kwenye kitambaa alichoniachia Anko, nikaisugua kwa ndimu na waya hadi ikang'aa, nikairudisha humo bila kumwambia mtu.

Mchana mnunuzi akaja nyumbani, akakifungua kitambaa mezani. Akaigeuza sarafu, akaiweka chini.

Anko akaruka. "Hii si yetu! Yetu ilikuwa kijani. Nani ameibadilisha?" Akanigeukia. "Msomi, wewe ndiye uliyekuwa nayo."

"Hata mimi nashangaa, Anko," nikasema.

Mama akatokea jikoni ameinua waya yake. "Wewe, tangu lini ukaosha vyombo bila kutumwa? Na mbona waya yangu imekuwa kijani?"