Shikamoo ya Kisimani

Juzi nilipita Chilangala, kijiji cha mama yangu, nikamkuta binti amefunua kisima cha maji ya mvua. Aliinama akasema, "Shikamoo, Babu," ndipo akatumbukiza ndoo.

Kisima hicho alikichimba babu yangu, aliyefariki kabla sijazaliwa. Utotoni mwangu kila aliyekuja kuteka alimwamkia kwanza, na mle ndani sauti iliitika. Niliamini babu anaishi humo.

Alasiri moja ya kiangazi, hewa ikinuka mabibo yaliyooza chini ya mikorosho, mjomba alileta kufuli, akamwambia bibi:

"Mama, tufunge. Maji yanakwisha. Watoto wetu watakunywa nini?"

Jirani yetu, Mama Zuhura, alisimama na ndoo tupu, akitazama chini.

Nikainama kisimani. "Shikamoo, Babu!" Sauti ikarudi nene kuliko siku zote. Nikaangua kilio. "Amekasirika! Hataki kufungiwa!"

Sasa najua kwamba maji yakipungua, mwangwi huzidi. Siku ile hakuna aliyenieleza. Bibi alicheka mpaka akashika kiuno, akamgeukia mjomba.

"Umesikia, Baba Asha? Haya, mwambie mwenyewe baba yako kwamba unamfungia."

Mjomba akatia kufuli mfukoni. "Teka, Mama Zuhura. Lakini usijaze!"

"Hata kiangazi kilichopita ulisema hivyo hivyo," akajibu, akajaza.

Binti wa juzi alipojitwisha ndoo, nilimuuliza huyo babu ni nani.

"Simjui, mama," alisema. "Ni babu wa kisima. Sote tunamwamkia."