Sombe Niliyomficha Daktari

Niliacha shule darasa la tatu, nikajenga nyumba mbili Kamembe kwa kuuza vitenge. Muntu kama mimi atamwambia daktari kijana kwamba kila siku anakula sombe, majani ya muhogo, chakula cha maskini? Damu ilikuwa imeganda mguuni, akanipa vidonge vya kuizuia isigande. Akauliza ninakula nini. "Nyama na samaki," nikajibu kama waziri.

Kila nikipimwa, damu bado iliganda upesi. Daktari akaongeza vidonge, maskini, akipigana na sombe asiyoijua. Kisha mke wangu akaenda Bukavu kwenye arusi, wiki mbili. Mimi bwana mkubwa nikala brosheti tu, mishikaki ya nyama. Fizi zikatoka damu, halafu mkojo ukawa mwekundu.

Mke wangu alirudi mbio, akanikuta hospitalini. Daktari alipomwambia kwamba mimi ni mtu wa nyama na samaki, hakuniheshimu hata kidogo. "Docta, huyu papa anakula sombe mchana na jioni! Nyama gani?"

Daktari akashika kichwa. "Mzee, sombe inapunguza nguvu ya dawa. Umeiacha ghafla, dawa imekuzidi. Ungekufa! Kula sombe yako, lakini kiasi kilekile, na usinidanganye."

Sasa nikienda kupimwa ananiuliza habari za sombe kwa sauti, mbele ya benchi zima la wagonjwa, nami tajiri ninajibu.