Tapeti Kumi na Mbili

Jeki iliteleza, lori likamshukia mume wangu mguuni, akalala chumbani kwetu Kariakoo karibu miezi mitatu, amefungwa plasta hadi pajani. Lori lenyewe lilikuwa kuukuu. Ukikwaruza rangi ya buluu tuliyolipaka, chini yake unakuta rangi ya jeshi. Lilibeba nazi na mihogo kutoka Kisarawe kuleta sokoni, na ndilo lililotulisha.

Mume wangu alipoanguka, rafiki yake alishika usukani. Walikua pamoja Gerezani, na siku ya ndoa yetu ndiye aliyemsindikiza bwana harusi. Alikuwa fundi wa magari. Mimi aliniita shemeji, na wanangu walimwita baba mdogo.

Haukupita muda lori likaanza kugonga na kuishiwa nguvu kwenye vilima vya Pugu. Rafiki akaifungua injini uani kwake, akatuletea kamshafti ndani ya gunia, pamoja na tapeti zake kumi na mbili. Mume wangu akailaza kamshafti mapajani. Ilikuwa fimbo ya chuma yenye nundu. Kila nundu husukuma tapeti, na tapeti huinua valvu. Alinishika kidole akakipitisha juu ya nundu moja nzima, kisha juu ya mbili zilizolika hadi zikawa kama sabuni iliyotumika.

"Hii imekufa," akasema. "Itabidi uende wewe ukachague nyingine."

"Mimi najua nini?"

"Utajua. Mwenzangu ana kazi ya kusafisha injini. Na wewe hudanganyiki dukani, nimekuona unavyonunua mchele."

Akanifundisha siku mbili, mimi nimekaa chini kwenye mkeka na yeye kitandani. Pima urefu. Pima unene wa shingo zinazokaa ndani ya injini. Usidanganywe na kung'aa, kwa sababu kamshafti iliyonolewa upya hung'aa kuliko mpya, lakini nundu zake zimekonda. Na jambo moja alilirudia hadi nikacheka: kamshafti mpya inataka tapeti mpya. Ukiiwekea za zamani, zitaila kama msasa.

Nikaziosha tapeti zile kwa mafuta ya taa, nikazipanga kwenye vyuma vyangu vya vitumbua, kila moja kwenye shimo lake, ili nizitumie kama mfano. Moja ilikuwa imemeguka ukingoni, pengo dogo kama ukucha wa mtoto. Ilinikwaruza kidole.

Nilizunguka siku tatu, kamshafti ya zamani nimeifunga kwenye kanga chini ya buibui. Wanaume walinitazama, na wengine walinijibu huku wakimtafuta kwa macho mwanamume niliyefuatana naye. Duka la kwanza walinipa iliyotolewa kwenye lori bovu, ina kutu shingoni. La pili walinipa inayong'aa sana. Nikaipima nundu kwa kalipa ya mume wangu, chombo chake cha kupimia unene, nikaona imekonda, nikaiacha. Kwa mzee mmoja wa Kihindi nikapata mpya kabisa, bado imezungushiwa karatasi ya mafuta. Nilizilaza zote mbili kwenye kaunta. Urefu sawa, shingo sawa, ila gia ndogo ya katikati, ile inayozungusha pampu ya oili, ilikuwa imesogea upana wa kidole.

"Hii ni ya injini nyingine," nikamwambia.

Yule mzee akavaa miwani akatazama. "Kweli, mama. Ningekuuzia kitu kisichokufaa." Akaingia stoo, akakaa sana, akarudi na nyingine. Hiyo ililingana kila mahali. Nikachukua na tapeti mpya kumi na mbili.

Mume wangu alipozipima alinitazama kwa namna ambayo hakuwahi kunitazama. Jioni rafiki akaja akachukua vyote, vipya na vya zamani. "Shemeji umekuwa fundi," akasema. Wiki nzima nilitembea kichwa juu.

Lori likarudi barabarani. Wiki ya tano likaanza kugonga tena. Rafiki alikuwa safarini Morogoro, kwa hiyo nikamwita fundi mwingine wa mtaa wa pili. Akafungua, akaniita uani. Kamshafti yangu ilikuwa imelika nundu nne. Akanimwagia tapeti kiganjani, nikaigusa moja, na kidole kikakutana na lile pengo la ukucha.

"Hizi ni za zamani," nikasema.

"Ndiyo. Aliyefunga hakubadilisha."

Rafiki aliporudi nilimfuata kwake. Uani palisimama lori kama letu, ambalo sikuwahi kuliona, na injini yake ilikuwa ikiunguruma vizuri.

"Tapeti zangu ziko wapi?"

Hakukana. Alifuta mikono kwa kitambaa, taratibu, kidole kimoja kimoja. "Shemeji, nenda kamuulize mumeo."

Kutoka pale hadi nyumbani sikumwona mtu barabarani. Mume wangu alikuwa amekaa barazani, plasta imeshatolewa, fimbo pembeni. Nilimwonyesha ile tapeti iliyomeguka. Akaitazama, akatazama chini.

"Aliniomba siku zile unazunguka madukani," akasema. "Alinunua lile lori, likawa halina tapeti, na yeye alikuwa ametafuta amekosa. Ndiye aliyenibeba mgongoni siku ya jeki. Ningemkataliaje? Nilidhani za zamani zitavuta hadi msimu uishe."

"Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba hazivuti."

Akaivuta fimbo yake karibu.

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Ungekataa."

Ndivyo alivyonijibu, bila ukali, kama anayeeleza jambo la kawaida. Wote wawili walijua. Niliposifiwa pale chumbani, rafiki alikuwa amekwisha kuomba na mume wangu amekwisha kukubali. Waliniacha nifurahi.

Siku chache baadaye alinipa tena kalipa. "Zunguka tena kwa yule mzee," akasema. "Wewe umeshajua."

"Nenda na rafiki yako."

Akaenda mwenyewe, anachechemea, akarudi na kamshafti inayong'aa sana. Sikuzitazama nundu zake. Lori lilitembea kwa tabu hadi mwaka uliofuata, tukaliuza.

Hatukuachana. Nilimzalia watoto wengine wawili, na alikuwa baba mwema. Rafiki aliendelea kuja, nami nilimpikia chai na kumpa kiti. Lakini mume wangu alipoanza kunieleza jambo kwa ile sauti yake ya kufundisha, nilikuwa nainuka na kwenda jikoni, naye hakuwahi kuniuliza sababu.