Gauni la Kusomea Risala

Mwaka ule mkoa wetu ulikuwa mpya. Barua za serikali zilizozoea kutoka Arusha sasa zilitoka Babati, na sisi walimu wa Tumati tuliendelea kuandika anwani ya zamani kwa mazoea, tukaifuta, tukaandika nyingine juu yake. Nilikuwa na watoto watatu: binti wa darasa la nne, mvulana wa miaka mitano, na mtoto mchanga wa miezi saba. Mume wangu alikuwa dereva wa lori. Alipakia vitunguu saumu Bashay na kuvishusha mjini, na kwa mwezi mzima alilala nyumbani siku nne au tano. Niliyebaki naye ni mama mkwe wangu, mwanamke mrefu mwenye nyonga mbovu, aliyezungumza Kimbulu siku zote na Kiswahili pale tu ilipobidi. Yeye ndiye aliyemshika mtoto mchanga nikiwa kazini.

Asubuhi zangu zilikuwa hivi. Kabla jua halijatoka niliwasha moto, nikamsalimu mama mkwe shikamoo pale pale jikoni, nikatoka kwenye ukungu kukamua ng'ombe. Nikirudi nilipika uji, nikamwogesha wa miaka mitano, nikanyonyesha, nikatafuta soksi ya binti yangu, nikanyonyesha tena, kisha nikavaa chochote kilichokuwa juu ya kiti. Nilitembea dakika ishirini kuteremka bonde na kupanda upande wa pili. Nikifika darasani, nilijiona kama mtu anayemaliza siku, si anayeianza. Saa nne, wakati wa mapumziko, nilirudi mbio kunyonyesha na kukimbia tena shuleni nikiwa na udongo mwekundu hadi kwenye vifundo vya miguu.

Aliyenifahamu chuoni asingeamini kuwa ndiye mimi. Nilipokuwa mdogo nguo zilikuwa za foleni. Duka la ushirika likileta kitambaa, mama yangu mzazi alikwenda kupanga mstari, na rangi hakuchagua. Ikiletwa khaki, hata mtoto wa kike alishonewa khaki. Nilikuwa msichana mkubwa wakati biashara ilipofunguliwa na mabelo ya mitumba yakaanza kufika mnadani. Watu walivamia rundo na kuvuta. Mimi nilisubiri. Nilijifunza kugeuza nguo ndani nje, kupitisha kidole kwenye mishono, kuinyanyua sehemu ya kwapa juani nione kama imechakaa. Chuoni wenzangu walinipeleka mnadani niwachagulie, na siku ya kwanza ya mazoezi ya kufundisha nilivaa sketi ya kijivu ambayo mkufunzi wetu mwanamke aliniuliza imeshonwa na fundi gani.

Mwaka ule wa mkoa mpya nilikuwa na sweta moja la kahawia. Nililivaa kila siku kwa sababu lilificha blauzi. Baridi ya kwetu asubuhi ilinipa kisingizio, lakini jua lilipopanda sikulivua, nikaona afadhali jasho. Kiatu changu cha kushoto kilikuwa kimelika kisigino upande mmoja na nilitembea kama ninayeegemea kitu.

Siku moja mwalimu mkuu aliniita ofisini. Alikuwa mtu mzima, mpole, asiyependa kumuudhi mtu.

"Mwalimu," alisema, "tutapata mgeni kutoka mkoani. Anakuja kufungua yale madarasa mawili mapya. Nimeona risala uisome wewe. Kiswahili chako kimenyooka na sauti yako inafika mbali."

Nilishukuru. Nilidhani amemaliza, nikanyanyuka.

"Ila," alisema, na macho yake yakashuka hadi kwenye viatu vyangu, yakapanda haraka yakaangalia dirisha, "siku hiyo ujitahidi kidogo."

Nilitoka nikasimama nyuma ya jengo la ofisi. Neno lile halikuwa na ubaya. Mtu mwingine angelisahau. Lakini mimi nilikuwa nimejitahidi tangu mtoto wa kwanza azaliwe, nikawa sijui hiyo nafasi ya kujitahidi zaidi ningeitoa wapi.

Jumamosi nilikwenda mnadani peke yangu. Nilisubiri watu wavute, kama zamani, kisha nikaingiza mikono. Nililipata chini kabisa: gauni la kijani kilichokolea, kitambaa cha tetroni, kola nyeupe, vifungo vidogo nyuma. Nilipitisha kidole kwenye mishono. Lilikuwa zima. Fundi cherehani wa pale mnadani alilibana kiuno na kulifungua kidogo kifuani, maana kifua cha mama anayenyonyesha si cha msichana wa chuo. Nililirudisha nyumbani ndani ya mfuko, nikalitundika ukutani. Kwa siku tatu nililitazama kila nilipopita. Nilikuwa na hamu ya kulivaa mpaka niliona aibu.

Siku ya mgeni niliamka mapema zaidi. Gauni lilikuwa na mikunjo, nikapanga nikimaliza kukamua nilipige pasi taratibu, kwa kitambaa kibichi juu yake, maana tetroni haivumilii moto. Nikaenda kwa ng'ombe. Siku hiyo alikuwa mkorofi, alipiga ndoo teke mara mbili, nikachelewa.

Niliporudi nilikutana na harufu mlangoni. Binti yangu alikuwa amesimama mezani, pasi ya mkaa mkononi, mdomo wazi. Alikuwa ameiwasha mwenyewe. Juu ya goti la kushoto la gauni palikuwa na tundu lenye ncha, na kingo zake zimekunjamana kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Kipande kilichotoka kilikuwa kimenata chini ya pasi.

Nilimpiga kofi. Nilimpiga tu, kwa mkono uliokuwa bado na maziwa. Lilisikika. Alishika shavu lake lakini hakulia.

"Nilitaka upendeze," alisema.

"Nani alikutuma?"

"Hakuna." Alitazama chini. "Darasani wananiambia, 'Mama yako anakuja shule kama anakwenda kupalilia.'"

Mama mkwe alikuwa karibu na moto, mtoto mchanga mapajani. Alitutazama wote wawili, kisha akasema kwa Kiswahili, ili mtoto naye aelewe kuwa maneno yale ni yake pia, "Acheni. Lete hiyo nguo niione."

Aliigeuzageuza. Akasema nifunge kitenge kiunoni, kitafunika. Nikafunga. Kilifunika. Binti yangu alibeba begi lake akatoka kabla sijajua la kumwambia, na nilimwona kwa mbali akiteremka bonde, mkono bado shavuni. Nilisuka nywele zangu mwenyewe mistari minne ya kurudi nyuma, nikapaka mafuta usoni, nikaweka vitambaa viwili vilivyokunjwa ndani ya sidiria, nikanyonyesha mara ya mwisho, nikaondoka.

Mgeni alitarajiwa saa nne. Saa nne ikapita. Mwalimu mkuu alinikataza nisitoke hata hatua moja, kwa kuwa gari lingeweza kutokea wakati wowote. Saa tano watoto walikuwa wamekaa juani kwa mistari. Saa sita wazazi walianza kuhamia kwenye kivuli cha jengo. Kifua changu kilikuwa kimejaa mpaka nilihisi maumivu yanapita kwapani. Nilimwona mama mkwe amefika na kusimama karibu na uzio, mtoto mgongoni. Alikuwa amemleta kwa sababu mtoto alikataa kikombe. Nilitaka kumwendea. Mwalimu mkuu akatikisa kichwa, akaelekeza kidole barabarani. Vumbi lilikuwa limeonekana.

Ilikuwa saa saba na nusu nilipoitwa kusoma. Nilisimama mbele ya meza ya wageni, nikafungua karatasi. Ukurasa wa kwanza ulikwenda vizuri. Sauti ilifika. Katikati ya ukurasa wa pili, nilipokuwa nikieleza jinsi wananchi walivyosomba mawe na mchanga, mwanangu alilia kule uzioni. Mama aliyenyonyesha anajua kinachofuata. Maziwa yalishuka yote kwa mara moja. Vitambaa vilikuwa vimekwisha kulowa zamani. Nilihisi ubaridi, nikatazama chini, nikaona kijani kinageuka karibu kuwa cheusi, duara mbili, zinapanuka.

Niliinua karatasi nifiche, lakini karatasi ikiwa kifuani haisomeki. Nikaishusha. Nikaiinua tena. Mgeni alianza kusoma karatasi zake mwenyewe kwa makini sana. Mwalimu mkuu alitazama mlima. Kwenye mstari wa darasa la saba wavulana walianza kusukumana viwiko, na katikati ya darasa la nne nilimwona binti yangu, ameinamisha kichwa kati ya magoti. Nilisoma sentensi ile ile mara mbili. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba niliwaza kuweka karatasi mezani na kuondoka, nishuke bonde, nisirudi.

Ndipo nikasikia kigelegele. Kilikuwa kimoja, cha sauti nzito, kisichofanana na sherehe. Mama mkwe alikuwa anakuja katikati ya uwanja, mtoto mgongoni, anachechemea, ameshika kanga aliyoivua mabegani mwake mwenyewe. Watu walimpisha. Alifika, akanizungushia kanga kifuani, akaifunga nyuma ya shingo kwa fundo la nguvu, kama mama anavyomtuza bibi harusi. Akaniinamia sikioni, akaniambia kwa Kimbulu, "Soma. Usisimame."

Wageni wakapiga makofi. Walidhani ninatuzwa kwa usomaji. Wanawake wa kijiji hawakudhani hivyo, walielewa mara moja, na wakanyanyuka mmoja mmoja. Mmoja alileta kanga nyingine, akanifunika mabega. Mwingine alinifunga mtandio. Mama mmoja wa jamii ya wafugaji, aliyehamia kwetu kutoka upande wa Hanang ili watoto wake wasome, hakuwa na kanga. Alivua bangili ya shaba mkononi mwake akanivisha, akarudi mahali pake bila kutabasamu. Uwanja mzima ulikuwa kwenye vigelegele. Mgeni naye alisimama. Mimi nilisoma mpaka mwisho, nikiwa nimefunikwa nguo za watu hadi kidevuni, jasho likinitiririka.

Walipoingia kukagua madarasa nilikwenda nyuma ya jengo, nikakaa juu ya matofali yaliyobaki, nikampokea mtoto. Alinyonya kwa hasira. Mama mkwe alikaa kando yangu na kunyoosha mguu wake mbovu.

Binti yangu alitokea kwenye kona ya jengo. Alisimama mbali kidogo, kama anayesubiri aitwe.

"Njoo," nilimwambia.

Alikuja. Shavu lilikuwa bado na wekundu, au labda niliuona mimi tu.

"Linauma?"

"Kidogo."

"Nilikosea kukupiga."

"Na mimi niliunguza."

"Wewe ulikuwa unanisaidia. Mimi ndiye niliyekosea. Usiseme na wewe ulikosea."

Akauliza kama bangili ile ninaruhusiwa kubaki nayo. Nilimwambia sijui, tutamuuliza mwenyewe. Nikamuuliza wenzake wanasemaje sasa. Alisema wengine wanacheka, na wengine wanasema mama yake ametuzwa kuliko mgeni. Alisema kwa uaminifu, bila kunipunguzia.

Baada ya siku ile sikugeuka kuwa mwanamke mwingine. Nilimwomba mwalimu mkuu anipangie kipindi cha kwanza na cha mwisho ili niwe na nafasi ya kunyonyesha katikati, akakubali haraka, akitazama dirisha. Niliacha kutafuta magauni yanayofungwa kwa nyuma. Nilichagua yenye vifungo mbele na maua mengi, maana maua huficha doa, na viatu nilipeleka kwa fundi akanibadilishia visigino vyote viwili. Siku nyingine nilipendeza, siku nyingi sikupendeza. Sweta niliendelea kulivaa mpaka mtoto alipoachishwa ziwa. Mume wangu aliporudi safari na kuhadithiwa mambo ya risala, alicheka, kisha aliponiona sicheki akaacha, akaenda kukamua yeye siku mbili zile alizokuwepo.

Uchovu haukuisha. Mwaka uliofuata nilihamishiwa Hanang, shule ya tambarare yenye vumbi badala ya matope, na huko nikamzaa wa nne.

Kabla hatujahama nilimuuliza mama mkwe siku moja, tukichambua maharage, aliwezaje kufikiria jambo lile upesi vile. Nilitegemea aseme kwamba na yeye alipata kulowana mbele za watu enzi zake, au kwamba alinihurumia. Aliendelea kuchambua.

"Mtoto alikuwa mzito," alisema. "Na ile karatasi yako ilikuwa bado ndefu."

Akaniomba nimsogezee ungo, tukamaliza maharage, na mimi nikaenda kufua.