Pikapu ya Mtani

Mwezi uliopita nilikuwa natoka Nzega kwenda Tabora, na nilipoipita Puge tu gari likaanza kuvuta kushoto. Unaujua usumbufu huo? Ukilegeza mkono kidogo kwenye usukani, gari linataka kuingia porini. Nikaegesha, nikashuka, nikagusa rimu moja moja kwa kiganja, maana breki ikiwa inashika, rimu huchemka. Zote zilikuwa sawa. Kumbe tairi la mbele kushoto lilikuwa limepungua upepo. Fundi pancha akalijaza, gari likanyooka, yakaisha. Lakini kwangu hayakuisha. Nilifika mjini nimenuna kama mtu aliyetukanwa, na nitakuambia kwa nini.

Utotoni kwetu Isevya, pale Tabora mjini, tulikuwa na mtani. Sisemi hawa watani wa siku hizi wa timu za mpira. Huyu alikuwa mtani wa asili, mtu wa pwani, ambaye babu zake na babu zetu walianza kutaniana enzi za misafara, Wanyamwezi wakibeba pembe za ndovu hadi baharini. Duka lake lilikuwa nyuma ya nyumba yetu. Asubuhi, treni ikishapiga honi stesheni, aliingia jikoni bila hodi, akafunua chungu, akachota matobolwa, vile viazi vitamu vilivyokaushwa ambavyo mama alivichemsha na karanga. Alikula amesimama, huku akisema Wanyamwezi hatujui kupika, tunajua kubeba mizigo tu. Mama alimwita mwizi, naye akacheka na kuongeza kingine. Mtani haambiwi kitu. Akichukua kuku wako, kachukua. Ukikasirika, wewe ndiye huna adabu. Sisi watoto tulimpenda, sikufichi.

Yeye ndiye aliyemuuzia baba pikapu. Baba alikuwa amepania kusomba mchele kutoka Igunga, akauza ng'ombe wote waliokuwa kijijini kwa bibi. Mama alikuwa amewawekea wale ng'ombe nia nyingine. Dada yangu alikuwa amefaulu kwenda sekondari ya bweni, na ada yake ilikuwa ni wao.

"Usiwe na wasiwasi, mama watoto," baba alimwambia. "Gari likifanya safari mbili tatu, ada imepatikana."

Siku ya kwanza tu, pikapu ikavuta kushoto. Baba alipomuuliza mtani kwenye baraza la duka lake, akajibiwa kwamba gari lilizoea dereva muungwana, sasa likiona Mnyamwezi linataka kumtupa. Baraza zima likacheka, na baba naye akacheka sana.

Ikaanza kazi ya kutafuta ugonjwa. Baba alihamisha matairi ya mbele, la kulia likaenda kushoto na la kushoto kulia; kama tairi ndilo lingekuwa bovu, gari lingegeuka kuvuta kulia. Wapi! Akawa anapapasa rimu kila aliposimama, na hapo ndipo nilipojifunza. Fundi mmoja akafungua breki, mwingine akabadilisha bushi, mwingine akarekebisha usukani, pikapu ikanyooka hadi stesheni, ikarudia yale yale. Matairi yalikuwa yanalika upande mmoja kama sabuni, na faida yote ya mchele ikaishia kununua matairi. Shule ikafunguliwa. Sanduku la bati la dada, ambalo baba alikuwa amelipaka rangi ya bluu, likabaki chini ya kitanda. Mama akawa anapika nsansa, ile mboga ya majani makavu, akifunika sufuria kwa kishindo hadi tunashtuka. Siku moja alimwambia baba amkalishe yule mtu, aseme kweli. Baba akajibu, "Mtani hakasirikiwi."

Asubuhi moja baada ya mvua ya kwanza, uwanja ulikuwa umefagiliwa na mchanga bado una unyevu. Baba akaitoa pikapu polepole, moja kwa moja hadi barabarani. Mama akabaki anatazama chini, ufagio mkononi.

"Baba watoto, rudi uone!"

Gari lisilo na kasoro likienda moja kwa moja, magurudumu ya nyuma hukanyaga palepale yalipokanyaga ya mbele, utaona mistari miwili tu. Uwanjani kwetu ilikuwa minne. Ile pikapu ilikuwa inakwenda upande, kama mbwa anavyokimbia. Baba akachukua kamba, akapima kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele, kulia, kisha kushoto. Kushoto kulikuwa kufupi. Chasisi ilikuwa imepinda. Gari lilishapata ajali, likanyooshwa bodi, likapakwa rangi, likaletwa kwetu.

Nilimfuata baba hadi kwenye baraza la mtani. Kamba bado alikuwa ameishika.

"Ilipinduka?" akauliza.

Mtani akajipiga paja. "Lo! Mnyamwezi, umechelewa kujua! Ilipinduka hadi magurudumu yakatazama mbinguni! Si mmezoea kubeba? Haya, beba na hiyo!"

Wanaume wote pale barazani wakaangua kicheko. Nikamtazama baba. Alikuwa anaiviringisha kamba kiganjani. Halafu akacheka, kwa sababu wote walikuwa wanamtazama, na anayemkasirikia mtani wake huwa ni mtu wa aibu. Sijawahi kusikia kitu kibaya kama kicheko kile. Dada hakwenda shule. Mwaka uliofuata aliolewa Urambo, kwa wakulima wa tumbaku.

Baba alipofariki, mtani alikuja kuzika, mzee sasa, anajikongoja. Kama desturi inavyotaka, alikaa ukingoni mwa kaburi, miguu ndani, akazuia jeneza.

"Hazikwi mtu hapa mpaka nilipwe! Mvivu huyu, leo anabebwa yeye!"

Watu wakacheka huku wanafuta machozi. Mchungaji naye akatabasamu. Mimi, Mungu anisamehe, nilitaka kumsukuma humo humo. Aliyesogea ni dada. Kwa vidole vyake vilivyoingiwa na weusi wa tumbaku akafungua fundo la kanga, akampa noti aliyokuwa nayo.

"Haya, mtani wetu," akasema kwa upole. "Mpishe baba."

Akapisha.

Siku hizi wazee wa Isevya wanasikitika kwamba utani unakufa. Vijana hawajui watani wao ni nani, na misibani watu wanakaa kimya wakitazama simu. Wanasema tumepoteza kitu kikubwa, na pengine ni kweli. Mimi huwasikiliza tu. Kitu kilichomlazimisha baba yangu kucheka siku ile, acha kife.