Nilifuta Sauti Iliyokuwa Ikiingiza Ng'ombe Zizini

"Huyo? Hata simu ya kitochi hataweza kutengeneza!"

Hayo aliyasema mjomba wa mke wangu siku nilipofungua duka langu la ufundi simu hapa Mkolani. Mimi, niliyerudi kutoka Dar na stashahada ya tehama, nikaanza kwa jasho langu mwenyewe! Nilimcheka. Leo naungama: mdomo wangu uliniponza.

Mama mkwe wangu ni mjane, anaishi Misungwi. Simu yake janja iko kwa Kiswahili. Siku moja ikamwandikia "Sasisha", yaani aiwekee toleo jipya. Yeye akasoma "Safisha". Mtu msafi yule! Akabonyeza.

Simu ikaamka ngeni, hata pa kubonyeza ili apokee hapajui. Akaja dukani pamoja na mke wangu. Mama akakaa benchi la nje, amenipa mgongo, maana kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani. Mke wangu akasimama katikati.

"Mama anasema umrudishie simu ilivyokuwa."

"Mwambie hiyo kazi ndogo."

"Anauliza, vilivyomo vitabaki?"

Jamani! Nilijua kabisa kwamba kurudisha toleo la zamani kunafuta kila kitu. Nilipaswa kuhamisha vitu vyake kwanza. Lakini nipekue simu ya mama mkwe? Na nikiri mbele yake kwamba kuna hatari? Nikapaza sauti asikie: "Mwambie mama, mimi nina stashahada!"

Simu ikafuta vyote, kisha ikalikataa toleo la zamani. Walioitengeneza wamefunga njia ya kurudi nyuma. Umeinunua mwenyewe, ila kurudi ulikotoka mpaka wao watake! Ikawaka na sura ileile mpya, tupu. Sasa ndiyo ilikuwa imesafishwa.

Jioni mke wangu akanipigia kutoka kwao.

"Ng'ombe wamegoma kuingia zizini."

"Mimi na ng'ombe wapi na wapi?"

"Sauti ya baba ilikuwa kwenye simu! Mama alikuwa akiwawekea, wanaingia wenyewe. Sasa analia, na halii kwa ajili ya ng'ombe."

Nilikaa chini, ndugu zangu. Sauti ya marehemu mumewe!

Mtu mwingine aliyewahi kumrekodi ni nani? Mjomba yuleyule, kwa kitochi chake, ili amtanie shemeji yake. Na kitochi kilikuwa kimekufa. Kesho yake nikamfuata kwake.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, daktari bingwa. Hicho hapo. Kitengenezee hapahapa, nikuone."

Nikafungua, nikachoma waya, jasho likinitoka. "Stashahada inatoka jasho!" akawa anacheka. Mara kikawaka. Nikafungua rekodi, tukamsikia marehemu akiita ng'ombe wake: "Malkia! Njoo, Malkia!" Mjomba akageukia ukutani.

Nilikipeleka Misungwi jioni ya siku hiyo. Mama akakiinua pale langoni. Ng'ombe wakaja wakikimbilia sauti ya bwana wao.

Nilisikia mama akimwambia mke wangu, kwa nguvu ili nisikie: "Mwambie mkwe wangu ile simu yake ya kusafisha aichukue. Mimi nabaki na hiki."

Basi mjomba, aliyeniazima kitochi, nikamlipa kwa ile simu janja. Deni likaisha, nikatembea kifua mbele.

Jana akanipigia. "Mkwe, imeniandikia Sasisha. Nibonyeze?"

"Usiguse, mjomba! Niambie kwanza, humo ndani una sauti ya nani?"

Na wewe unayesoma, jiulize hivyo hivyo kabla hujabonyeza.